Jinsi ya kufuatilia hela ya chakula na kalori kwa pamoja (anza na sufuria, sahani baadae)

Kama bajeti yako ni ndogo alafu unataka pia kujua unakula kalori ngapi, usifungue madaftari mawili. Hela na kalori viandike sehemu moja, mstari mmoja, maana ni chakula kile kile na ukivitenganisha utachoka kimoja ukiache. Na kitu cha pili ambacho mi nakisisitiza sana, pima sufuria kwanza, sahani itafuata. Wengi wanaanza kwa kukadiria kilichopo kwenye sahani, hapo ndo namba zinapoharibika, kwa sababu sahani haina risiti na haina lebo, ila vitu vilivyoingia kwenye sufuria vina bei inayojulikana na uzito unaojulikana.

Vifaa ni vichache. Daftari au simu, kijiko cha chai na kijiko kikubwa cha chakula, na ukiweza mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Hiyo mizani ndo kitu pekee ambacho ningekwambia utoe hela ununue, na hata isipokuwepo kuna njia nitaieleza huko mbele.

Kwenye daftari chora safu hizi: tarehe, kitu, gramu, hela, kalori, na ukipenda protini. Kama unatumia Excel au Google Sheets ni safu hizo hizo, ila ongeza karatasi ya pili ya bei, yaani kila kitu unachonunua mara kwa mara kiwe na bei ya kilo moja na kalori za gramu 100, ili usitafute upya kila siku.

Haya ni makadirio ya kalori ya kuanzia, kwa gramu 100. Mchele mkavu ni kama 360, unga wa ngano au wa mahindi nao uko hapo hapo. Maharage makavu kama 340. Karanga 570 hivi. Sukari karibu 390. Viazi vibichi kama 77, maziwa yasiyoondolewa mafuta kama 60. Yai moja kubwa lina kalori kama 70 na kitu, na protini gramu 6. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni 16. Kabichi, nyanya, mchicha ni kati ya 18 na 25 tu, kwa hiyo kwenye upande wa kalori usijichoshe nazo, andika hela yake tu songa mbele. Vitu vingine utavipata bure kwenye jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaitwa FoodData Central, ni la Kiingereza ila namba ni namba.

Sasa angalia kosa linaloharibu hesabu za watu wengi sana: kavu na kilichopikwa. Mchele mkavu gramu 100 ni kalori 360, ukishaiva gramu 100 za wali ni kama 130, maji yameingia. Mtu anapima wali ulioiva anaandika namba ya mchele mkavu, anaona amekula karibu mara tatu ya alichokula, anajinyima bila sababu. Au anafanya kinyume, anapima mkavu anaandika namba ya ulioiva, anashangaa mbona uzito unapanda. Na apu za simu zina maingizo mengi yaliyowekwa na watumiaji wenyewe, unaandika "mchele" zinakuja namba kumi tofauti, chagua ile inayosema wazi kama ni mkavu au umepikwa, isiposema achana nayo.

Tuje kwenye sufuria. Nitatumia pesa ya kufikirika tu, wewe weka bei zako.

Unapika wali wa mafuta. Mchele gramu 500, hela 60, kalori 1,800. Mafuta vijiko vikubwa vitatu, kama gramu 40, hela 12, kalori 360. Vitunguu na chumvi hela 9, kalori tunaziacha. Jumla hela 81, kalori 2,160. Kabla hujaanza ulishapima sufuria tupu ukapata gramu 900 (hiyo namba iandike ukutani au nyuma ya daftari, haibadiliki). Wali ukiiva pima sufuria na wali ndani yake, tuseme gramu 2,250. Toa 900, wali wenyewe ni gramu 1,350. Gawanya: kalori 2,160 kwa 1,350 unapata 1.6 kwa kila gramu, na hela 81 kwa 1,350 unapata 0.06 kwa kila gramu. Ukipakua gramu 300 ni kalori 480 na hela 18. Umemaliza, na kila atakayekula kwenye hiyo sufuria ana namba yake bila kubishana. Kiporo cha kesho nacho kina bei, na hii mi naipenda kwa sababu ukimwaga chakula unajua umemwaga hela ngapi.

Mchuzi ni hivo hivo, maharage hivo hivo. Kwa vitu vya kukaanga kwenye mafuta mengi usihesabu mafuta yote uliyomimina, pima mafuta kabla ya kukaanga na uyapime tena yakishapoa, tofauti yake ndo imeingia kwenye chakula, ukiacha kidogo tu kilichobaki kwenye karai.

Nyama yenye mifupa na matunda yenye maganda yanadanganya upande wa hela. Ukinunua kilo ya nyama kwa 300 alafu mifupa ukaipima baada ya kula ukakuta ni gramu 300, basi umelipa 300 kwa gramu 700, yaani kilo ya kitu kinacholika ni kama 429. Ndizi nayo karibu theluthi ya uzito ni ganda. Hii haimaanishi uache kununua, inamaanisha ulinganishe vizuri, maana nyama isiyo na mfupa inayoonekana ghali wakati mwingine bei yake ni ile ile (na mfupa ukiuchemshia supu hesabu inabadilika tena).

Kulinganisha vyakula kwa bei, tumia namba mbili: bei ya kalori 1,000 na bei ya gramu 100 za protini. Moja peke yake haitoshi kabisa. Chukua mchele kilo kwa 120, kalori 3,600, kwa hiyo kalori 1,000 ni kama 33. Maharage kilo kwa 200, kalori 3,400, kalori 1,000 ni kama 59. Ukiishia hapo utasema maharage ni ghali karibu mara mbili. Lakini kilo ya maharage makavu ina protini kama gramu 210, kilo ya mchele ina kama 70, kwa hiyo gramu 100 za protini kwenye maharage ni kama 95 na kwenye mchele ni kama 171. Mayai yakiwa 10 kila moja, gramu 100 za protini ni kama 167. Ukipiga hesabu hii na bei zako unaweza kukuta kitu ulichokuwa unakiona cha anasa sio cha anasa. Mtu mzima anahitaji protini kama gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, hicho ndo kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani), mtu wa kilo 65 ni kama gramu 54.

Ukifuata bei ya kalori peke yake utaishia kwenye sukari, mafuta na unga, ndo kalori za bei nafuu, na mwili hautakushukuru. Kwa hiyo mboga na matunda zipe bajeti yake pembeni, fungu lake, usizishindanishe na mchele kwenye kalori maana zitashindwa kila siku na hazikuletwa mezani kwa kazi hiyo.

Lebo za pakiti: kwanza angalia kama kalori zimeandikwa kwa gramu 100 au kwa "kipimo kimoja cha kula", maana pakiti moja inaweza kuwa na vipimo vitatu na wewe umeimaliza yote. Kama wameandika kJ peke yake (kilojuli, kipimo kingine cha nishati) gawanya kwa 4.184 upate kalori. Na unaweza kuikagua lebo mwenyewe: gramu ya wanga ni kalori 4, ya protini 4, ya mafuta 9, hesabu iliyoanzia kwa mkemia wa Marekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19 na bado inatumika. Biskuti zenye mafuta 20, wanga 70, protini 6 kwa gramu 100 zinatakiwa kuwa kama 484.

Huna mizani? Au nyumba ina watu wengi na hakuna wa kupima kila sahani? Tumia tarehe. Ukifungua chupa ya mafuta ya lita moja andika tarehe juu yake kwa kalamu, ikiisha andika tena. Lita moja ni kama kalori 8,200. Ikiwalisha watu wanne kwa siku 10, ni kama 205 kwa mtu kwa siku, mafuta peke yake. Sukari kilo moja ni kama 3,900, watu wale wale siku zile zile ni kama 97 kwa mtu, gramu 25 hivi. WHO wanasema sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, vijiko vya chai kama 12, na wanashauri kushuka hadi asilimia 5 ukiweza. Soda ya mililita 330 peke yake inakaribia gramu 35. Hizi chupa na pakiti zenye tarehe zinakwambia ukweli kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, na kazi yake ni sekunde chache.

Kuna jambo la hela linawachanganya watu: hela iliyotoka na hela iliyoliwa sio kitu kimoja. Wiki unayonunua gunia la mchele utaonekana umekula sana, wiki inayofuata umekula bure. Dawa yake kila mwisho wa wiki siku ile ile kagua kabati: thamani ya vilivyokuwepo mwanzo wa wiki, ongeza ulivyonunua, toa vilivyobaki, hiyo ndo hela mliyokula. Kwa vitu vikubwa tu, chumvi na viungo andika siku ya kununua ukae kimya. Na ujanja huo huo unafanya kazi kwa kalori za nyumba nzima, jumlisha kalori za vilivyotumika, gawanya kwa watu na siku saba, ukikumbuka mtoto mdogo hali kama mtu mzima.

Chakula cha nje andika hela kamili na kalori za kukadiria, weka alama ya kuuliza pembeni. Kama kimekaangwa au kinang'aa mafuta, ongeza angalau kijiko kikubwa kimoja kwenye makadirio yako. Usiache nafasi wazi, nafasi wazi zikiwa nyingi wiki nzima inakuwa haina maana.

Unahitaji kalori ngapi kwa siku? Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya 1990 ni nzuri kuanzia: uzito kwa kilo mara 10, ongeza urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, alafu mwanaume ongeza 5, mwanamke toa 161. Jibu zidisha kwa 1.2 kama unakaa sana, 1.375 kama unatembea kiasi, 1.55 kama kazi yako ina misuli au mazoezi ya kutosha. Mwanamke wa kilo 65, sentimita 160, miaka 30 anapata 1,339, akiwa wa kutembea kiasi ni kama 1,840. Alafu jipime uzito kila wiki asubuhi, mwili ndo utasema kama hiyo namba ni yako au inataka kurekebishwa. Na kwa mwenye bajeti ndogo angalia pande zote mbili, kuna watu wanaogopa kuzidisha kumbe daftari linaonyesha hawali ya kutosha, hapo hela inayookolewa kwenye soda na chakula cha nje iende kwenye maharage, mayai na karanga haraka sana.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa figo, hizi kanuni zisimwongoze peke yake, aongee na mhudumu wa afya. Na mtu ambaye kuhesabu kalori kunamfanya aogope chakula, afute safu ya kalori abaki na ya hela tu, kwa moyo mweupe kabisa.

Sio lazima uandike milele. Mwezi mmoja wa kuandika kwa makini unakupa sufuria zako kumi au kumi na tano mnazopika siku zote, kila moja na hela yake na kalori zake kwa gramu 100. Baada ya hapo unaandika jina la sufuria na gramu ulizopakua, dakika moja imeisha. Ila karatasi ya bei ipitie kila mwanzo wa mwezi, kwa sababu kalori za mchele hazibadiliki ila bei inabadilika, na sufuria iliyokuwa 81 inaweza kuwa 95 bila wewe kugundua.