Somo: Kufundisha kuweka kanyula wakati chuo kimefungwa kwa mlipuko wa ugonjwa

Wakufunzi wenzangu, salaam.

Machi 20, 2020 vyuo vyote Uganda vilifungwa, na kesho yake tukathibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi Oktoba 15. Juni 2021 tukafunga tena. Mwaka uliofuata Ebola ikatokea Mubende: watu 142 wakathibitishwa kuugua, 55 kati yao wakafariki, wakiwemo wahudumu wa afya. Kwa hiyo msilisome hili kama habari ya zamani. Chumba cha vitendo kitafungwa tena siku moja, na mwanafunzi wa uuguzi hawezi kujua kuchoma mshipa kwa kusoma maandishi aliyotumiwa.

Nitachukua ujuzi mmoja tu, kuweka kanyula ya dripu, yaani kamrija ka plastiki kanakoingizwa mshipani kwa sindano, kisha sindano ikatolewa na plastiki ikabaki. Mkiuelewa huu, mingine mtaipanga wenyewe.

Wengi wetu tulifundishwa njia ya Peyton, yenye hatua nne: mwalimu anatenda kimya kwa mwendo wa kawaida, anatenda tena polepole akieleza, mwanafunzi anaeleza na mwalimu anatenda, mwisho mwanafunzi anatenda mwenyewe huku akieleza. Tulipofungiwa, wengi waliziacha zote nne wakakimbilia mihadhara ya Zoom. Lakini inayodai chumba ni hatua ya nne peke yake.

Kwanza, tengeneza mkono

Kata kipande cha godoro chenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi vidole. Chana mfereji juu yake, lalisha mpira wa dripu uliopita muda ambao haujawahi kumgusa mgonjwa, kisha funika kwa tabaka mbili za glavu zilizochanwa. Ncha moja ifunge fundo. Nyingine iunganishe na chupa ya dripu yenye maji ya rangi nyekundu, uitundike juu kidogo ili maji yawe na msukumo. Ukipapasa kwa kidole utausikia "mshipa" ukikusukuma.

Hatua ya 1 na ya 2: video mbili fupi

Simu ikae nyuma ya bega lako, ione kile unachoona wewe. Video yangu ya kwanza niliipiga nikiwa nimeielekea simu, na baadhi ya wanafunzi wakaiga mikono ikiwa imebadilishana. Uso wako hauhitajiki. Dakika tatu zinatosha, na ipunguze ukubwa kabla ya kuituma WhatsApp, maana kuna mwanafunzi anayechagua kati ya bando na sabuni.

Hatua ya 3: simu ya kawaida, hata katochi (simu ndogo ya vitufe)

Hapa naomba mkae nami kidogo, kwa sababu ndipo nilipopata faida kubwa kuliko kote, na haihitaji intaneti.

Mpigie mwanafunzi. Weka sauti ya nje, mkono wa godoro mbele yako, umwambie akuongoze. Tenda anachosema, hicho tu. Usimsaidie, usimkamilishie.

Mmoja alikuwa kwao Karamoja. Akaniambia: "Funga mpira wa kubana. Papasa mshipa. Paka spiriti. Mdomo wa sindano uangalie juu, choma." Nikachoma. "Damu imeonekana?" Imeonekana. "Toa sindano." Nikaitoa. Maji mekundu yakatiririka mezani hadi kwenye daftari langu: hakuniambia nisukume plastiki iingie, hakuniambia nifungue mpira, wala nibane mshipa kwa kidole juu ya ncha ya kanyula. Nikamweleza ninachokiona. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, nimemmwagia mgonjwa damu yake." Tulirudia mara mbili siku ileile. Tangu hapo sijamsikia akisahau kufungua mpira.

Video isingemkamata. Angeitazama, akatikisa kichwa, akaamini anajua.

Hatua ya 4: chumbani

Mkiruhusiwa kukutana, waite sita sita. Madirisha wazi, barakoa muda wote, kila mtu na mwenzake yuleyule hadi mwisho wa muhula, na daftari la mahudhurio lenye saa, ili akiugua mmoja mjue wa kufuatilia. Manikini (miili na mikono ya bandia ya mazoezi) yafutwe kwa maji na sabuni, kisha spiriti ya asilimia 70, kila jozi inapomaliza. Kwa kuwa nadharia imekwisha kwa simu, saa nzima ni ya mikono.

Kipimo changu: mara tatu mfululizo bila kukumbushwa, na sindano iingie kwenye kisanduku cha ncha kali papo hapo, bila kurudishiwa kifuniko. Asiyefikisha hapo hamgusi mgonjwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkufunzi, Mbale: Asante kwa somo, mwalimu. Kwa nini tusiwape sindano wafanyie mazoezi nyumbani?

Hapana, ndugu yangu. Nyumbani kuna watoto, na hakuna kisanduku cha ncha kali wala mtu wa kumhudumia akijichoma. Nyumbani afanye yasiyo na ncha: kunawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, kuvaa na kuvua glavu, na kupapasa mishipa ya ndugu zake wakikubali. Mama mnene, babu mkavu, mtoto: kidole kikizoea mikono ya aina nyingi, nusu ya kazi imekwisha.

Mkunga, Arua: Na sisi wa uzazi?

Dada, mengi yanawezekana kwa mwanasesere wa kanga: kumpokea, kumkausha, kumweka kifuani kwa mama. Lakini kumpumulisha mtoto kwa mfuko na barakoa, kile kifaa cha kumsukumia hewa mapafuni, kusibaki kwenye simu kamwe. Asiyepumua anatakiwa kuanza kupumulishwa ndani ya dakika ya kwanza, na kubana barakoa usoni ili hewa isivuje hufundishwa mkono kwa mkono. Hilo lipe nafasi ya kwanza chumbani.

Muuguzi kijana, Mbarara: Mwalimu, nilisoma wakati wa korona. Vitendo vingi niliviona kwenye simu tu. Sasa niko wodini na naogopa kusema.

Mwanangu, nimesoma swali lako mara kadhaa. Kosa hilo si lako, ni letu tuliokupitisha bila kuuona mkono wako. Lakini mgonjwa wa kesho ni wako. Mtafute sista mkuu wa wodi leo mchana, kabla ya pilikapilika za zamu ya usiku, umwambie hivi: "Sista, kanyula nimeiona kwenye simu tu. Naomba usimame karibu nami nikiweka tatu za kwanza."