Kupima mwendo na ufunguo wa rekodi ya okestra

Programu ya muziki ikikuonyesha kwamba rekodi ya okestra ina mapigo 140 kwa dakika, usiichukue namba hiyo kabla hujaihakikisha kwa sikio, kwa kuwa programu hizo hutafuta mapigo yanayorudi kwa usawa, ilhali okestra humfuata kondakta, yaani kiongozi wa wanamuziki, ambaye huharakisha na kupunguza mwendo apendavyo. Gonga meza kwa kidole ukifuata mapigo kwa sekunde 15, hesabu ulivyogonga, zidisha kwa 4, kisha rudia katikati ya kipande. Si ajabu ukapata 70, yaani nusu ya ulichoonyeshwa.

Ufunguo, yaani noti ya nyumbani na ngazi ya noti ambazo kipande hujengwa juu yake, ndio hunasa wengi, hata wenye masikio mazuri. Suti (mfululizo wa vipande vya densi) ya tatu ya mtunzi Bach kwa okestra, namba BWV 1068 katika orodha ya kazi zake, iko katika Re meja, lakini ikipigwa kwa ala za kale, ambazo aghalabu hulinganishwa kwa noti ya La ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 415 badala ya 440, sauti yote hushuka takribani nusu toni na programu huisoma kama Re bemoli, yaani Re iliyoshushwa nusu toni. Do maina na Mi bemoli meja nazo huchanganywa, kwa sababu ngazi zao hutumia noti zilezile, ingawa noti ya nyumbani ni tofauti. Hapo sikiliza besi, yaani sauti nzito ya chini, inatulia kwenye noti gani mwishoni.