Namna ya kuandaa kishikwambi na begi kwa kazi za vijijini katika Nyanda za Juu Kusini

Vishikwambi vimeenea sana nchini Tanzania tangu Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, ambapo makarani waliandika taarifa za kaya humo badala ya madodoso ya karatasi, na sensa ilipokwisha Serikali ikavigawa kwa walimu. Siku hizi utavikuta pia mikononi mwa maafisa ugani, makarani wa vyama vya ushirika na wanunuzi wa mazao. Mimi huzungukia vikundi vya wakulima wa parachichi na chai wilayani Rungwe na Halmashauri ya Busokelo, naandikisha wakulima, nahesabu miche, napiga picha majani yenye ugonjwa na kuchukua mipaka ya mashamba. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayefanya kazi ya namna hiyo, kwa sababu maelekezo mengi niliyowahi kusoma yanamchukulia msomaji kuwa amekaa ofisini, penye umeme na intaneti, ilhali sisi tunafanya kazi juu ya bodaboda, katika mvua ya Tukuyu na baridi ya Kitulo, mahali ambapo mtandao hupatikana ukipanda kilima na hupotea ukishuka bondeni.

Jambo la kwanza, ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote, ni kwamba kishikwambi huandaliwa jioni ya kuamkia safari, mezani, na shambani hubaki kazi ya kujaza tu. Ukifika kwa mkulima ndipo uanze kupakua fomu, kutafuta nenosiri au kusubiri programu ijisasishe, umeshapoteza siku yako na umempotezea mwenzako muda wa kuchuma.

Jaribio ninalolifanya kila jioni ni hili. Naweka kifaa katika hali ya ndege, kisha natenda kazi yote ya kesho kana kwamba nipo shambani: nafungua fomu na kujaza mkulima mmoja wa kubuni, napiga picha na kuiambatisha, nafungua ramani na kuitafuta njia ya kwenda kijijini, nafungua orodha ya wanachama na mwongozo wa magonjwa wenye picha. Kitakachokataa kufunguka hapo mezani ndicho ambacho kingekataa pia mbele ya mkulima, na wakati huo bado una nafasi ya kukitengeneza. Nikimaliza nafuta ile fomu ya majaribio ili isije ikachanganyika na taarifa za kweli.

Kwa fomu natumia programu ya KoboCollect, kwa kuwa hutunza fomu tupu pamoja na zile zilizojazwa ndani ya kifaa chenyewe na kuzituma pale mtandao unapopatikana. Masharti yake ni kwamba fomu tupu lazima uwe umeipakua kabla ya kuondoka. Kwa ramani natumia Organic Maps, ambayo ukishapakua ramani ya eneo lako ukiwa na intaneti, huendelea kufanya kazi bila bando. Nyaraka za Google nazo hufunguka bila mtandao, lakini ni lazima faili liwe limewekewa alama ya kupatikana nje ya mtandao, na watu wengi husahau hatua hiyo ndogo. Zima pia usasishaji wa programu unaojiendesha wenyewe, usije ukala bando lote asubuhi ya safari.

Wakati wa kununua, uliza swali moja ambalo wauzaji wengi hawalitaji: je, kifaa hiki kina GPS, yaani kipokezi kinachoonyesha mahali ulipo? Vishikwambi vingi vya Android vinayo, hata vile visivyo na sehemu ya laini, lakini iPad ya Wi-Fi pekee haina, na kwa mtu anayechukua mipaka ya mashamba hilo ni pengo kubwa. GPS yenyewe haihitaji intaneti, kwa kuwa hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti moja kwa moja. Tofauti ni kwamba bila mtandao huchukua muda mrefu zaidi kujua mahali ulipo mara ya kwanza. Kwa hiyo ukishafika shambani, iwashe mapema, simama mahali penye anga wazi badala ya chini ya mparachichi, na usubiri kipimo cha usahihi kishuke hadi mita chache kabla ya kuanza kutembea mpakani.

Sasa nije kwenye betri, mahali ambapo watu hupotezwa na tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi. Chukua mfano wa kishikwambi cha Galaxy Tab A9+, chenye betri ya mAh 7,040 (mAh ni kipimo cha ukubwa wa betri). Mtu hununua pawabenki ya mAh 10,000 akiamini kwamba itajaza kifaa hicho mara moja na kubakiza akiba nzuri. Lakini mAh 10,000 zinahesabiwa katika volti 3.7 za betri iliyo ndani, sawa na wati-saa 37 za nishati, na umeme huo unapopandishwa hadi volti 5 za waya, kisha ukashushwa tena ndani ya kishikwambi, takriban theluthi moja hupotea kama joto. Zinazofika ni wati-saa kama 25, ilhali betri ya kishikwambi hicho inahitaji takriban 27. Maana yake pawabenki ya mAh 10,000 haikijazi hata mara moja. Kwa safari ya siku moja inatosha, kwa kuwa hukuanza na sifuri. Kwa siku mbili au tatu katika vijiji visivyo na umeme beba ya mAh 20,000, ambayo ni wati-saa 74. Hiyo unaweza pia kupanda nayo ndege pale Songwe, kwa kuwa kikomo kinachoruhusiwa bila kibali ni wati-saa 100, ila iwe ndani ya begi la mkononi, si kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege.

Matumizi yenyewe huamuliwa zaidi na mwangaza wa kioo. Jua la saa sita hulazimisha kuupandisha hadi mwisho, na hapo betri hushuka upesi; kukaa kivulini pamoja na mkulima ni heshima kwake na akiba kwako. Mahali pasipo na mtandao, acha kifaa katika hali ya ndege, kwa sababu kifaa chenye laini kinachotafuta mnara usiokuwepo hutumia nguvu nyingi bila faida.

Baridi ni sura nyingine. Asubuhi moja ya Julai nilipita Isyonje nikipanda kuelekea Kitulo, uwanda ulio takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ukungu ukiwa mzito na nyasi zikiwa na barafu nyembamba. Kishikwambi kilikuwa katika mfuko wa nje wa begi. Nilipokitoa kilionyesha asilimia 28, na kabla sijamaliza fomu moja kikazimika. Nilikiweka ndani ya koti, kati ya sweta na shati, nikaendelea kuandika kwa penseli. Baada ya nusu saa hivi kiliwaka tena, na sehemu kubwa ya chaji ile ilikuwa bado ipo. Betri ya lithiamu ikipoa sana, umeme hupita ndani yake kwa shida, volti hushuka ghafla na kifaa hujizima kikidhani chaji imekwisha. Basi katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, beba kifaa na pawabenki karibu na mwili, na usichaji betri iliyopoa hadi nyuzi sifuri, kwa kuwa kuichaji katika hali hiyo huiharibu moja kwa moja. Ukitoka kwenye baridi na kukaribishwa jikoni penye moto, acha kishikwambi ndani ya begi lililofungwa kwa muda kipate joto taratibu. Ukikitoa mara moja, umande hujikusanya juu ya kioo cha kamera na hata ndani yake.

Mvua inahitaji maandalizi zaidi ya baridi, kwa maana huku haina msimu mmoja unaoeleweka; Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kioo cha kugusa hutambua kidole kwa mabadiliko madogo ya umeme juu yake, na tone la maji huleta mabadiliko kama hayo. Nilikuwa Mwakaleli kwa mama mmoja mwenye miti kama arobaini ya parachichi tulipopatwa na manyunyu. Kila tone lililoanguka juu ya kioo lilijibonyeza lenyewe: fomu ikaruka ukurasa, herufi zikajiandika, na jina lake likawa halisomeki. Nilifuta kioo kwa khanga aliyonipa, lakini matone mengine yakaja. Tangu siku hiyo sijazi fomu mvuani hata kama kifaa kinadai kuzuia maji. Alama ya IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii na kwamba kifaa kinaweza kuzama mita moja ya maji kwa dakika 30. Haina maana kwamba kioo kitafanya kazi kikiwa kimelowa. Vipo vishikwambi vilivyotengenezwa kwa kazi za nje, kama Galaxy Tab Active3, ambayo ina IP68 (kinga ya maji ya juu kuliko IP67), kalamu yake na betri unayoweza kuibadilisha kwa mkono, na ofisi yenye uwezo ningeishauri inunue cha aina hiyo. Sisi wengine tutumie kava gumu lenye kona nene, na juu yake mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa bizimu. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata isingepigwa marufuku, huchanika siku ya kwanza tu.

Kifaa kikiingia maji, kizime papo hapo, kikaushe kwa kitambaa cha pamba, kisimamishe tundu la chaji likiwa chini mahali penye upepo, na usikichaji hadi siku ya pili au ya tatu. Kukifukia ndani ya mchele hakusaidii, tena vumbi la mchele huingia tundu la chaji.

Kwa sababu hizo daftari halijaondoka begini mwangu, na ninaandika kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka karatasi ikilowa na penseli haiyeyuki. Mengine ninayobeba ni waya mbili za chaji (waya huharibika kuliko kitu kingine chochote), kitambaa cha pamba, tochi ya kichwani na koti la mvua. Begi lifungwe kifuani unapokuwa nyuma ya bodaboda, pawe na nguo laini kati ya kifaa na mgongo wa dereva. Simu usiifunge kwenye usukani wa pikipiki kwa ajili ya ramani: mwaka 2021 Apple yenyewe iliwaonya watumiaji kwamba mtikisiko wa injini unaweza kuharibu kamera za iPhone, na barabara zetu za vijijini hutikisa kuliko injini.

Tahadhari moja ya nyumbani. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, lakini chaja nyingi zinazouzwa huja na pini mbili za mviringo, na nimeona nyumba nyingi za wageni watu wakichomeka kijiti au mfuniko wa kalamu katika tundu la juu ili chaja iingie. Usifanye hivyo, chaja haikai vizuri, hutoa cheche, na tundu hubaki wazi kwa watoto. Nunua adapta ya pini tatu na uiweke begini moja kwa moja. Umeme ukikatika, chomoa chaja, kisha subiri dakika chache baada ya kurudi ndipo uchomeke tena.

Ukifika kwa mkulima, kishikwambi kibaki begini hadi salamu ziishe. Amkia wazee shikamoo, kaa unapoonyeshwa, eleza unachotaka kuandika na kitakwenda wapi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake, kisha ukimaliza mgeuzie kioo asome jina lake mwenyewe. Mama yule wa Mwakaleli, niliporudi wiki iliyofuata na kumwonyesha jina likiwa limeandikwa sawasawa, aliniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na kunirekebishia jina la babu yake, ambalo ningelikosea bila yeye. Kumbuka pia kwamba majina, namba za simu na namba za vitambulisho unazobeba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Weka nenosiri la tarakimu sita au zaidi, washa huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, na uandike daftarini namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo kwenye kifaa chenye laini na uwezo wa kupiga simu huipata kwa kubonyeza *#06#, ili uwe nayo polisi watakapoiuliza.

Jioni ukirudi mahali penye mtandao, tuma kwanza fomu zote na uhakikishe idadi ya zilizotumwa inalingana na idadi ya majina yaliyo daftarini, kisha nakili picha kwenye memori kadi au flashi katika kabrasha lililopewa jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, halafu kijiji, kwa mfano 2025-07-14_Isongole, ili makabrasha yajipange yenyewe kwa tarehe. Usifute chochote kwenye kifaa kabla nakala hizo mbili hazijakamilika. Hapo ndipo uchomeke chaja, ufungue begi likauke usiku kucha, na uweke tena kifaa katika hali ya ndege kwa ajili ya jaribio la safari ya kesho.