Kidonge cha tezi hakitaki mwenza

Nauza dawa Chake Chake, na katika dawa zote zilizo kwenye rafu zangu, hakuna inayomezwa ovyo kama levothairoksini, kidonge cha tezi ya shingo iliyolegea. Mtu anaimeza na chai ya maziwa na chapati, miezi inapita, damu inapimwa na TSH, kipimo kinachopanda tezi ikilegea, iko juu vile vile. Daktari anaongeza dozi, mgonjwa anakuja kwangu ananilaumu kuwa nimemuuzia dawa feki. Dawa ni nzima, ila nyingi imeishia tumboni pamoja na chapati, haikufika kwenye damu.

Tezi ya shingo ndiyo inayotengeneza thairoksini, homoni inayouamuru mwili utumie nguvu zake kwa kasi gani. Tezi ikilegea, mtu anachoka bila kazi, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, na anajifunika shuka katikati ya Kaskazi wenzake wakijipepea. Kidonge kinarudisha homoni ile ile iliyopungua. Wengi watakimeza maisha yao yote, na aliyetolewa tezi yote kwa upasuaji hana pengine pa kuipata.

Basi fanya hivi. Lala na chupa ya maji kando ya kitanda. Ukiamka kwa sala ya alfajiri, kabla hujatia udhu, meza kidonge na maji matupu, glasi nzima. Si kahawa, si maji ya ndimu. Kisha sali, fagia uwanja, washa jiko, chemsha chai na hiliki yake. Chai ikifika mkekani saa nzima imeshapita, na wala hukukaa kuhesabu dakika. Nusu saa ndiyo ya chini kabisa.

Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huishika thairoksini tumboni ikashindwa kupita. Viachane na cha tezi kwa muda wa saa nne. Hili nalirudia sana kwa wajawazito, maana kliniki wanapewa vidonge vya damu vya kila siku, na mtu hupenda kumeza vyote kwa mkupuo mmoja amalize kazi. Cha tezi alfajiri, cha damu usiku. Na ukishajua tu kuwa una mimba, usingoje tarehe ya kliniki; mwone daktari wiki hiyo hiyo. Mahitaji ya thairoksini hupanda mapema, na mtoto katika miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama yake.

Ramadhani ina njia mbili. Ukiamka daku, meza kwanza, ngoja nusu saa au zaidi, ndipo ule. Au meza wakati wa kulala, ikiwa saa tatu zimepita tangu ulipokula mara ya mwisho. Hii inamfaa asiyetafunatafuna baada ya tarawehe. Wako wanaosema wamezie adhana ya Magharibi kisha wangoje. Mbele ya tende, uji na muhogo wa nazi? Mimi sijamwona mtu huyo.

Juzi mama mmoja alinifungulia pochi. Ndani mna kipande cha gazeti, na ndani ya gazeti vidonge vitupu, vingine vimemeguka, vingine vimeanza kuwa na madoa. “Mwanangu, nimevitoa kwenye makaratasi yake, yalikuwa yananijazia pochi.” Thairoksini huharibiwa na joto, unyevu na mwanga, na Pemba hayo yote tunayo. Viache kwenye karatasi zake mpaka dakika ya kumeza. Viweke kabatini chumbani, mbali na jiko na dirisha.

Ukisahau asubuhi, meza siku hiyo hiyo tumbo likiwa tupu. Ukisahau siku nzima, endelea kesho na kidonge chako kimoja. Dawa hii inakaa mwilini: baada ya wiki hivi, nusu yake bado ipo. Ndiyo maana pia TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya dozi kubadilishwa. Kupima baada ya wiki mbili ni kutupa pesa. Siku ya kipimo nenda na kidonge chako, ukimeze baada ya kutolewa damu.

Jengine ni vitamini za nywele. Tezi ikilegea nywele hukatika, mtu ananunua vidonge vyenye bayotini, na bayotini huvuruga mashine nyingi za maabara: TSH inaonekana ndogo kuliko ilivyo, daktari anadhani dawa imezidi, anapunguza. Mwambie daktari unavitumia, na viache siku mbili au zaidi kabla ya kipimo. Unga wa mwani nao uache kama hukushauriana naye. Una aidini, yaani madini joto yanayoigusa tezi, na kiasi chake hakijulikani.

Usimpe jirani dawa yako kwa kuwa “sote tuna tezi”. Huenda yake imezidi kasi: moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakonda huku anakula. Huyo dawa yake ni ya kupunguza, kwa kawaida kabimazoli, na thairoksini itamzidishia balaa. Anayetumia kabimazoli akipata homa au koo likimuuma, asimeze tena. Aende hospitali siku hiyo hiyo apimwe chembe nyeupe za damu, kwani dawa hiyo, japo kwa nadra, huzishusha vibaya sana.

Ukija dukani, njoo na boksi la zamani. Soma namba: 25, 50 na 100 ni mikrogramu, na maboksi hufanana. Kama kampuni imebadilika, meza vile vile, lakini mwambie daktari akupangie kipimo baada ya wiki 6. Na ukivuka kwenda Unguja, vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mzigo unaokaa juani bandarini.