Somo: Namna ya kuomba kibali cha kituo cha malezi ya watoto katika mtaa wa makazi

Nimeamua kuandika somo hili kwa sababu kila muhula unapokaribia naulizwa jambo lilelile, na mara nyingi muulizaji huwa ameshapaka kuta rangi na kununua magodoro. Naeleza mambo ya Nakuru, lakini sheria inayotumika ni moja Kenya nzima, nayo ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti elimu ya chekechea na vituo vya malezi, kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa kaunti.

Hatua ya kwanza ni kusoma hati ya kiwanja na masharti yake. Ikiwa imeandikwa makazi, kituo cha malezi hakiruhusiwi mpaka uombe. Na kwa viwanja vya pembezoni mwa jiji vilivyokatwa kutoka mashambani, huenda hati bado inasema kilimo.

Hatua ya pili ni kuamua unaomba nini. Kubadilisha matumizi maana yake nyumba inaacha kuwa makazi. Kuongeza matumizi maana yake unaendelea kuishi hapo huku sehemu ya nyumba ikiwa kituo. Anayelea watoto wachache sebuleni kwake kwa kawaida anahitaji hili la pili, lakini wengi huomba la kwanza kwa kutojua, kisha hushangaa kodi ya ardhi inapokadiriwa upya.

Hatua ya tatu ni kumwajiri mpangaji miji aliyesajiliwa, ambaye ataandaa ripoti ya maombi. Mwambie akuonyeshe cheti chake.

Hatua ya nne ni karatasi: nakala ya hati, matokeo ya sachi ya hivi karibuni (yaani ukaguzi wa rekodi za kiwanja katika ofisi ya ardhi), uthibitisho kwamba hudaiwi kodi ya ardhi, ramani ya kiwanja, na barua ya mwenye nyumba ikiwa umepanga. Hati iliyowekwa rehani huhitaji pia idhini ya benki.

Hatua ya tano ni tangazo kwa umma, na hapa ndipo maombi mengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Sheria inamtaka mwombaji awajulishe watu anachokusudia kufanya na kuwaalika wenye pingamizi waziwasilishe kwa kaunti. Kwa desturi hilo hufanywa kwa tangazo la gazeti pamoja na bango langoni, likitaja namba ya kiwanja, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa na mahali pa kupeleka pingamizi. Hakikisha namba ya bloku na ya kiwanja zinalingana tarakimu kwa tarakimu katika hati, gazetini na kwenye bango, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa tangazo linakuwa la kiwanja cha mtu mwingine na utaambiwa uanze upya kwa gharama yako. Bango lisimame mahali mpita njia anaweza kulisoma bila kuingia uani, nawe ulipige picha inayoonyesha lango na barabara. Tena, usingoje jirani aipate habari kwa bango. Nenda kwake kabla, umweleze watoto watakuwa wangapi, watafika saa ngapi, na magari ya wazazi yatasimama wapi. Nijuavyo mimi, majirani hawalalamikii watoto hata kidogo. Wanalalamikia magari yanayoziba lango lao saa moja asubuhi.

Hatua ya sita ni kuwasilisha, kulipa ada na kuchukua nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe. Kaunti husambaza maombi kwa idara nyingine, zikiwemo afya ya umma na barabara, ndipo huamua.

Onyo: anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Maswali ya wanachama

Kutoka Lanet: Mwalimu, mimi nina leseni ya biashara tayari. Haya mengine ni ya nini?

Jibu: Leseni inahusu biashara yako, kibali kinahusu ardhi. Kimoja hakifuti kingine.

Kutoka Free Area: Jumla ni pesa ngapi?

Jibu: Hujataja ukubwa wa kiwanja wala unachoomba. Ada zimo katika sheria ya fedha ya kaunti, na dirisha la mipango watakuonyesha. Malipo ya mpangaji miji ni mapatano yenu.

Kutoka Migosi, Kisumu: Shikamoo Mwalimu. Je, ofisi ikinyamaza tu bila kujibu, mwombaji afanye nini?

Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri, na wachache huliuliza. Sheria inasema siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa, na ndiyo sababu nilisisitiza muhuri wa tarehe. Hata hivyo, usifungue milango kwa kutegemea ukimya peke yake: andika barua ukitaja tarehe ya kuwasilisha na kifungu cha 58, uipeleke kwa mkono, nayo igongwe muhuri. Na ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kutoka Kakamega: Mpangaji miji wangu amesema tangazo si lazima kwa kituo kidogo.

Jibu: Mwambie akuandikie hayo na aweke sahihi.

Kutoka mtaa wa Section 58, Nakuru: Naongeza, kwa idhini ya Mwalimu: wapishi wapimwe afya mapema, maana cheti chao hudumu miezi sita tu na mkaguzi huanzia jikoni.

Jibu: Ni kweli, ahsante. Akitoka jikoni huenda chooni, kwa hiyo vyoo vya watoto viwe vya kimo chao na maji ya kunawa yawe karibu na mlango. Kibao cha jina la kituo nacho hulipiwa kaunti kivyake, kwa hiyo kiulizie siku hiyohiyo unapolipia leseni.