Kuhesabu viota vya pengwini kwenye Rasi ya Antaktika

Ukienda Antaktika kuhesabu pengwini, ukahesabu pengwini, utarudi na namba isiyosaidia mtu. Saa yoyote utakayofika, baadhi ya ndege wako baharini wakisaka krili (viumbe wadogo kama uduvi), wengine wako njiani kurudi, na wengine ni vijana ambao bado hawajaanza kuzaa, wanazurura tu kando ya viota vya wakubwa. Idadi yao ya asubuhi si ya jioni. Kinachotulia ni kiota chenye ndege anayeatamia: kiota kimoja, jozi moja. Maelezo haya yanahusu Adeli, jentuu, na pengwini wa kidevu, yaani yule mwenye mstari mweusi unaopita chini ya kidevu kama kamba ya kofia. Wote watatu hujenga viota vya kokoto na kwa kawaida hutaga mayai mawili.

Wiki ya kwenda

Lenga wiki moja baada ya kilele cha utagaji. Kwa Adeli utagaji huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea Novemba. Pengwini wa kidevu hufuata wiki kadhaa baadaye. Jentuu hana ratiba: kisiwa hadi kisiwa, mwaka hadi mwaka, tarehe hupishana, na theluji nyingi ikikawia kuyeyuka humchelewesha zaidi.

Kuna sababu ya kung'ang'ania wiki hiyo. Jike wa Adeli akishataga huenda baharini kula, dume akabaki juu ya mayai kwa karibu wiki mbili. Kwa hiyo ukifika hapo karibu kila kiota kina ndege mmoja, na kazi inakuwa rahisi. Ukiwahi mno, wote wawili wako kiotani na wengine hawajataga. Ukichelewa, viota vilivyoporwa mayai na skua, ndege wa baharini anayekula mayai, havipo tena, hata alama yake huioni, kwa kuwa majirani wameshaiba kokoto zote. Hesabu ya chini inayotokana na kuchelewa ndiyo hatari kuliko zote, maana husomeka kama ndege wamepungua.

Meli ikikufikisha siku isiyofaa, hesabu hivyo hivyo, lakini andika hatua waliyofikia. Chagua viota 50 vinavyoonekana vizuri kwa darubini, subiri kila ndege ainuke kugeuza mayai, andika ni vingapi vina mayai, vingapi vina vifaranga, vingapi ni vitupu. Inachukua saa nzima na inachosha.

Kibali na viatu

Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 ya kulinda mazingira ya Antaktika, iliyoanza kutumika 1998, inakataza kuwasumbua ndege bila kibali, na kuna maeneo yenye ulinzi maalumu ambayo huingii kabisa bila kibali chake. Kibali hutolewa na mamlaka ya nchi inayosimamia safari yako. Hakikisha droni imetajwa humo kwa jina, pamoja na kimo cha kuruka.

Mafua ya ndege ya H5N1 yalithibitishwa kisiwani Georgia Kusini Oktoba 2023, kisha kwenye bara lenyewe la Antaktika Februari 2024. Tangu hapo kusafisha vifaa si jambo la kufanya juujuu. Kabla ya kushuka, sugua nyayo za buti kwa brashi, chokoa matope kwenye mifereji kwa kijiti, pitisha kifyonza vumbi mifukoni na kwenye velkro (mbegu za nyasi hupenda kujificha hapo), kisha chovya buti kwenye dawa ya kuua virusi na uziache kwa muda ulioandikwa kwenye chombo. Dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, kwa hiyo brashi hutangulia. Ukirudi kutoka kisiwani, rudia yote.

Mashua ya mpira ikikaribia, izimishe injini mkague ufuko kwa darubini dakika 10 hadi 15. Ndege wanaozunguka palepale, waliopinda shingo, walioshusha mabawa, au mizoga mingi ya skua: msishuke. Pigeni picha, chukueni majira ya GPS, toeni taarifa kwa kiongozi wa safari. Mkishashuka, hakuna kukaa chini, kupiga magoti wala kutua begi. Begi hubaki mgongoni, ndiyo maana liwe jepesi.

Kuhesabu kwa miguu

Vifaa ni vichache: kaunta ya mkono ya kubofya, darubini ya 8×42, GPS, daftari lisiloloa maji, na penseli tatu, kwa sababu wino wa kalamu huganda. Beba pia fimbo. Skua akilinda kiota chake hushambulia sehemu ya juu kabisa ya mwili wako, hivyo ukiinua fimbo juu ya kichwa ataipiga fimbo.

Tafuta mahali pa juu pa kusimama. Usiwasogelee ndege chini ya mita 5, na mara nyingi hata hizo ni kidogo mno. Kiota chenyewe kitakuambia: ndege akinyoosha shingo na kugeuza kichwa kukufuata, simama, akianza kuinuka, rudi nyuma polepole. Ndege akiondoka kwenye mayai skua hahitaji hata dakika moja.

Gawanya koloni katika vikundi kwa kutumia mipaka isiyohama: jabali, ufa, ukingo wa mwamba. Usitumie ulimi wa theluji, utayeyuka kabla ya msimu ujao. Piga picha ya kila kikundi, chora mpaka juu ya picha, kipe namba. Kikundi kikizidi viota 500 hivi kigawe tena. Kubofya mara moja kwa kila viota kumi kunaonekana njia ya mkato, ila jicho huanza kukadiria "kumi" bila wewe kujua, na kosa hukua.

Kipi ni kiota? Tazama ndege aliyelala tumbo likiwa limegandamana na kokoto. Kiota kinachokaliwa siku nyingi huzungukwa na mistari ya kinyesi inayotawanyika kama miale ya jua, kwa sababu ndege anayeatamia haondoki: huinuka kidogo, huelekeza mkia nje, hurusha. Ndege aliyejipumzisha kwenye theluji hana miale hiyo. Aliyesimama bila kokoto miguuni si kiota. Wawili kwenye kokoto moja ni kiota kimoja.

Kila kikundi kihesabiwe mara tatu, na anayehesabu asione namba iliyotangulia. Hesabu zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, ongeza ya nne. Mfano: 412, 420, 478. Ya tatu imeizidi ya kwanza kwa asilimia 16, kwa hiyo rudia. Ya nne ikiwa 415, umejua tatizo liko wapi, lakini zote nne zinabaki daftarini, hakuna kufuta. Mara nyingi chanzo ni mpaka: mmoja amehesabu safu iliyo nyuma ya jabali, mwingine ameiachia kikundi jirani. Kubalianeni mpaka kabla ya kubofya, msikubaliane namba baadaye.

Droni

Pale ambapo mguu haufiki, au viota ni maelfu kwa maelfu, rusha droni. Rukia umbali wa mita 100 au zaidi kutoka kwa ndege, panda kwanza, kisha ndipo usogee juu ya koloni. Anza na mita 50 huku mtu mmoja akiwatazama ndege kwa darubini na wala si skrini. Wakiinua vichwa kwa wingi, panda zaidi.

Kwa kamera ya megapikseli 20 yenye sensa ya inchi 1, kwenye mita 50 kila pikseli hufunika takribani sentimita 1.4, na picha moja hufunika karibu mita 75 kwa 50. Pengwini aliyelala hupata pikseli kama 30 kwa urefu, zinatosha. Picha zipandane asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa pembeni: yaani picha moja kila mita 10, na njia za kuruka ziachane mita 22. Kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, piga kila sekunde 2.5. Shata iwe 1/1000, na mwanga uupange mwenyewe kwa mkono, kwa kuwa theluji huidanganya kamera ikatia giza picha zinazohitaji mwanga. Mawingu mepesi ni bora kuliko jua, maana jua la chini hurefusha vivuli na kivuli hufanana na ndege.

Betri ndizo zinazoangusha droni huku. Ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, elea dakika moja karibu na ardhi kabla ya kwenda, na tua ikibaki asilimia 40; kwenye baridi asilimia 25 inaweza kuporomoka ghafla. Ukirushia kwenye mashua, kumbuka kitufe cha kurudi nyumbani huirudisha droni mahali iliporukia, na mashua imeshasukumwa na mkondo. Kizime, irudishe kwa mkono.

Baadaye picha hushonwa kuwa moja kubwa. Weka gridi ya mita 20 juu yake, watu wawili wahesabu kila mraba bila kuonana, kisha linganisha. Programu za kutambua ndege zenyewe zinasaidia, ila zijaribiwe kwanza kwenye miraba iliyokwisha kuhesabiwa na watu.

Setilaiti ni ya kutafutia. Doa la waridi la kinyesi kwenye picha za setilaiti za Landsat ndilo lililoelekeza watafiti Danger Islands, visiwa vilivyo karibu na ncha ya Rasi. Desemba 2015 wakahesabu kwa miguu na kwa droni, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalikuwa jozi 751,527 za Adeli. Anayehesabiwa kwa setilaiti yenyewe ni pengwini mfalme-mkuu wa barafuni (emperor), asiyejenga kiota: kwake kipimo ni ndege wenyewe, na hesabu ya setilaiti iliyochapishwa mwaka 2012 ilitoa takribani 595,000 katika makoloni 46.

Kuna pia ndege wasio pengwini wanaozalia ndani ya nyufa za miamba, kama Wilson's storm petrel, yule ndege mdogo mweusi mwenye kiuno cheupe anayehamia Bahari ya Hindi wakati wa kipupwe chetu. Huyo hupigiwa sauti iliyorekodiwa mlangoni mwa ufa, ukasikiliza jibu. Si wote hujibu, kwa hiyo pima kwanza kwenye nyufa unazojua zina ndege ni wangapi hunyamaza.

Kuandika

Kila mstari wa daftari uwe na kisiwa, namba ya kikundi, aina, tarehe na saa, kipimo (viota, vifaranga au ndege wazima), hesabu zote, na daraja la usahihi: 1 kwa kosa lisilozidi asilimia 5, 2 kwa 10, 3 kwa 25, 4 kwa 50, 5 kwa makisio tu. Usione haya kuandika 4. Kwenye Elephant Island jozi za pengwini wa kidevu zilizohesabiwa mwaka 1971 zilikuwa 122,550, na mwaka 2020 zikawa 52,786. Ulinganisho huo usingewezekana kama wa 1971 wangeandika "wengi sana".

Na kisiwa ulichokizunguka chote usione kiota, andika 0 na tarehe. Ukiacha mstari mtupu, atakayekuja baada yako ataamini hakuna aliyewahi kufika.