Kuongeza miaka ya lizi ya flati Uingereza: anza kabla haijashuka chini ya 80

Wengi tuliotoka nyumbani tumezoea hati ya kiwanja ya miaka 33, 66 au 99, kwahiyo ukinunua flati London au Reading ukaambiwa lizi (mkataba wa kuimiliki flati kwa miaka maalumu) imebakiza miaka 85 unaona poa tu, hiyo mpaka wajukuu. Shida ni kwamba huku miaka yenyewe ndo mali. Ikipungua, thamani ya flati nayo inashuka, na ikishuka sana benki zinagoma kumkopesha mtu anayetaka kuinunua kwako. Naongelea England na Wales tu, Scotland lizi za flati ni kama hazipo.

Anza na tarehe. Vuta nakala ya lizi na rejista kutoka HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili ardhi na nyumba, rejista inapatikana mtandaoni kwa paundi chache, usiende kwenye zile saiti za kati zinazochaji mara tatu. Usihesabu kuanzia siku uliyonunua wewe, hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa ndani. Kwa flati zilizokuwa za kaunsili (halmashauri) watu wengi wanapigwa hapa, maana lizi nyingi zile zilitolewa za miaka 125 lakini blok nzima inahesabiwa kuanzia flati ya kwanza kuuzwa, kwahiyo we umenunua juzi tu lakini karatasi inasema miaka 125 kuanzia 24 Juni 1982. Hiyo inaisha 2107, na ikifika Juni 2027 imebaki 80.

Kwanini 80? Kwa sheria ya 1993 bei unayomlipa landlodi (mwenye ardhi na jengo) ili akuongezee miaka ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara yake, yaani kodi ya ardhi (ground rent, ile unayomlipa yeye, siyo serikali) atakayokosa pamoja na kusubiri miaka 90 zaidi kabla flati haijarudi kwake. Ya pili ni nusu ya faida inayopatikana lizi ikishakuwa ndefu, na hiyo hulipi kabisa kama siku unatoa notisi ya kudai nyongeza imebaki zaidi ya miaka 80. Tuseme flati ina miaka 72, inauzika 268,000 hivo hivo ilivyo, ikiongezwa miaka inauzika 300,000. Hapo imepanda 32,000, toa hasara ya landlodi tuseme 10,000, inabaki 22,000, nusu yake ni 11,000 ya landlodi. Unalipa 21,000 badala ya elfu kumi. Ndo maana mtu mwenye miaka 81 nasema asilale.

Sasa utapata barua kutoka kwa landlodi, ina maneno matamu, tunakuongezea miaka mpaka 125 kwa bei nafuu, jibu ndani ya wiki mbili. Hiyo ni njia ya maelewano na siyo lazima iwe mbaya, ila soma vizuri inakupa nini. Kwa njia ya sheria unapata miaka 90 JUU ya ile iliyobaki, mwenye 82 anakuwa na 172, na kodi ya ardhi inakuwa sifuri. Kwa maelewano landlodi anaweza akakupa miaka michache na akaendelea kukutoza kodi ya ardhi kwa miaka yote iliyokuwa imebaki kwenye lizi ya zamani. Mi ningeenda kwa sheria, labda kama ofa yake ni nzuri kweli na umemuonyesha wakili.

Kwa njia ya sheria unahitaji watu wawili, saveya (mthamini wa nyumba) na wakili, na wote wawe wanafanya hizi kazi kila siku, siyo yule wakili wa viza wa shemeji yako. Saveya anakupa makadirio ya chini na ya juu, wakili anaandika notisi ya kifungu cha 42 cha ile sheria ya 1993 yenye bei unayotoa wewe. Weka bei ya chini ila isiwe ya kuchekesha, notisi inaweza kuambiwa siyo halali. Zamani ulitakiwa umiliki flati miaka miwili kwanza, hiyo ilifutwa 31 Januari 2025, ukishasajiliwa tu unaweza kuanza.

Thamani inapigwa siku ya notisi, kwahiyo hata mkivutana mwaka mzima miaka yako imeshafungwa pale. Landlodi lazima apewe angalau miezi miwili ya kujibu, na anaweza kudai amana ya 10% ya bei uliyotaja au paundi 250, ile iliyo kubwa. Akijibu na bei yake ndo mnaanza kubishana, hapo muachie saveya. Mkishindwana unapeleka First-tier Tribunal, baraza la migogoro ya nyumba kwa England (Wales ni Leasehold Valuation Tribunal), na una miezi 6 tu tangu jibu lake, ukipitisha notisi inakufa na unasubiri miezi 12 kutoa nyingine, tena kwa bei mpya na kama ulikuwa 80 na kidogo basi umeshaanguka. Asipojibu kabisa unaenda kauntikoti (mahakama ya county court), napo ni miezi 6. Tarehe hizi ziandike mwenyewe kwenye simu, usimtegemee wakili peke yake.

Bajeti usiweke bei ya miaka tu, unalipa pia wakili na saveya wa landlodi kwa gharama za kawaida. Inauma lakini ndo sheria ilivyo.

Na kusubiri sheria mpya je? Ile ya 2024 imeahidi miaka 990 na kuifuta ile nusu ya faida ya landlodi, na malandlodi wakubwa walienda kuipinga High Court wakashindwa Oktoba 2025, lakini vifungu hivyo hadi naandika havijaanza kutumika. Mwenye miaka 110 atulie tu. Mwenye 81 asisubiri. Mwenye 65 ambaye hauzi wala habadilishi mogeji (mkopo wa nyumba), huyo ndo wa kupiga hesabu na saveya, maana tayari ameshavuka mstari. LEASE, ile taasisi ya ushauri ya serikali, wanaongea na wewe bure, wapigie kabla hujamlipa mtu.

Kama unauza, unaweza kutoa notisi wewe kisha ukamhamishia mnunuzi pamoja na flati, ila wakili aiandike kwenye mauzo yenyewe, isije ikaachwa nyuma. Kama una mogeji benki iambiwe mapema. Mwisho kabisa, lizi mpya ikishasajiliwa vuta tena rejista usome mwenyewe miaka, namba ya flati na kodi ya ardhi.